Njia Alizoshika Rutaihwa

Siku hiyo kilichotangulia ni harufu. Asubuhi Byabato, fundi wa kompyuta, alifungua chumba cha seva, pale kiwandani Muleba kunakokobolewa kahawa, akapokewa na harufu ya dagaa wabichi. Akadhani kuna karani aliyeficha kitoweo chake mle kwenye ubaridi. Alipekua kila pembe, hakuona hata gamba.

Kabla hajamaliza kununa, mizani ya kupimia magunia ikagoma tena, kama siku zilizotangulia.

Seva ile hutunza njia chache za kuingilia kanzidata. Gunia likipimwa, programu ya karani huazima njia moja, huandika uzito, kisha huirudisha ili mwingine atumie. Sasa njia zilikuwa zinaazimwa zote, hairudi hata moja. Byabato aliweka draiva mpya ya kuunganishia programu, wapi! Akaongeza idadi ya njia, zikamezwa. Akaiamuru seva imnyang'anye yeyote anayekaa na njia bila kazi; zikanyang'anywa, zikachukuliwa hapohapo. Nje wakulima walikalia magunia yao juani wakimtukana kwa Kihaya, na haki walikuwa nayo.

"Byabato, leo tena?" Meneja wake, Judica, alisimama mlangoni. "Nimechoka kukutetea. Jumatatu mizani isiposoma, naleta fundi kutoka Mwanza, wewe uende zako."

"Nimefanya kila kitu, mama."

"Basi fanya ambacho hujafanya."

Akarudi kwenye skrini. Kazi hii ndiyo iliyomtoa kwenye kibanda cha kutengeneza simu kule Bakoba, mtaa wa Bukoba, na kurudi kibandani hakutaka hata kufikiria. Akaiuliza kanzidata ni nani anayezishika njia. Kila mstari ulijibu jina moja: Rutaihwa.

Mwili ukamsisimka. Rutaihwa ndiye aliyekuwa fundi wa pale kabla yake. Alizama ziwani akielekea kisiwa cha Bumbire, na mwili wake haukuonekana. Jina hilo Byabato alilifuta mwenyewe kwenye mfumo, siku yake ya kwanza kazini.

Akaanza kuzikata njia, moja baada ya nyingine, na kila aliyoikata ilirudi na jina lilelile, na nyuma yake kitu kikaanza kudondoka maji, taratibu, kwenye sakafu aliyojua ni kavu, halafu pumzi nzito ya mtu aliyetoka kuogelea mbali ikaja hadi shingoni kwake, na vitufe vya kibodi vikabonyea vyenyewe mbele ya macho yake, mikono yake ikiwa mapajani.

Alitoka mbio, akadandia basi, hakutulia hadi Kagondo, Bukoba, kwa Ma Kokuhirwa, mama wa marehemu.

"Waitu, Ma," alinong'ona kwa heshima ya Kihaya, "mwanao yuko kazini. Jina lake nililifuta kwenye mfumo, nalo limerudi."

Mama yule hakushtuka. "Hatukuzika, tata, mwanangu. Na asiyezikwa tutamwekea vipi mrithi? Kigoda chake kipo, hakijakaliwa. Na wewe ukamfuta?"

"Sikujua, Ma. Nisaidie. Nitafukuzwa."

"Kwa kuwa amerudi mwenyewe, kuwa omusika wake, umrithi. Lakini mrithi hachagui. Anapokea vyote."

"Napokea," Byabato alisema upesi, akiiwaza Jumatatu. Akakalishwa kigodani, akapewa kahawa ya kutafuna. Ilikuwa chungu kupita kawaida, akameza.

Jumatatu harufu haikuwepo. Mizani ilisoma, njia ziliazimwa na kurudi, wakulima wakaanza kutaniana kwenye foleni. Byabato alitaka kulia kwa furaha. Akaketi aingie kwenye mfumo kwa jina lake. Mfumo ukajibu kwamba mtu huyo hayupo. Akarudia, akirekebisha herufi kwa vidole baridi. Hayupo.

Judica aliingia akitabasamu, kitu ambacho hajawahi kumfanyia.

"Afadhali umerudi, Rutaihwa. Yule Byabato alikuwa ananimaliza. Nimeshamfukuza."

Byabato alifungua mdomo abishe, apige kelele, ataje jina alilopewa na baba yake. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, tulivu, wala haikuwa yake.

"Asante, mama," ilisema. "Kazi hii nilikuwa naipenda sana."