Jogoo wa Mnada na Kuku Wanne

Asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani ya chai ya Sosiot, Rebeccah alikimbia kufungua kibanda cha kuku. Leo mayai yapo, alijiambia. Leo lazima yawepo!

Hapakuwa na yai hata moja.

Kuku wake wanne walikuwa wamejibanza kwenye kona. Migongo yao haikuwa na manyoya. Katikati ya kibanda alisimama jogoo mwekundu, kifua mbele. Jina lake Askofu. Kipkurui, mume wa Rebeccah, alimpata kwenye mnada wa kanisa, siku ya shukrani ya mavuno. Alishindana bei na jirani yao Robert mpaka watu wakapiga makofi, akambeba jogoo hadi nyumbani kama kombe la mpira.

Rebeccah alitaka kulia. Kuku hao wanne alipewa na kikundi cha akina mama. Masharti yalikuwa rahisi: ukipewa kuku, unalea vifaranga wanane na kumpa mama anayefuata. Anayefuata alikuwa Rodah, na Rodah alikuwa tayari amejenga banda. Kila Jumapili aliuliza, "Mama Chelangat, vifaranga wangu wanaendeleaje?" Na Rebeccah hakuwa hata na yai.

"Baba Chelangat, njoo uone!" aliita. "Huyu Askofu wako atanimalizia kuku."

Kipkurui alikuja na kikapu cha chai mgongoni. Akacheka. "Si ni mwanaume? Wacha afanye kazi yake."

"Kazi gani ya kumwaga damu? Hebu angalia Madoa."

Madoa, mmoja wa wale kuku wanne, alikuwa na kidonda chini ya bawa, kirefu kama kidole. Kipkurui akaacha kucheka.

"Lakini kumchinja siwezi," alisema. "Nilimchukua mbele ya kanisa zima. Robert atasemaje?"

Siku za kuchuma chai, kuku na jogoo walifungiwa pamoja tangu asubuhi hadi majani yapimwe, wasije wakafukua mboga za jirani. Siku hiyo pia Kipkurui alifunga mlango. Lakini Madoa hakubaki ndani. Rebeccah alimkumbatia kuku wake, akaenda naye moja kwa moja hadi sokoni, kwenye agroveti ya Magdaline, duka lake la dawa za mifugo.

Magdaline alitoka Nyeri zamani, na alikuwa amefuga kuku hapo Sosiot miaka ishirini. Alimgeuza Madoa polepole.

"Ngai! Ni nani alikuchapa hivi, mama?" alimuuliza kuku. Kisha akamtazama Rebeccah. "Uko na kuku wangapi?"

"Wanne."

"Na jogoo?"

"Mmoja tu. Lakini huyo ni kama ishirini."

"Basi shida ndiyo hiyo. Jogoo mmoja anataka kuku wanane mpaka kumi. Wako ni wanne, kwa hivyo anawapanda hao hao kutwa nzima. Manyoya yanaisha, ngozi inapasuka. Kuku akiwa na maumivu na hofu, hatagi. Halafu unamfungia naye kwenye kijumba kama sanduku! Atakimbilia wapi?"

Rebeccah akashika mdomo. "Kumbe ni sisi tunamsaidia kuwaumiza!"

"Sasa umeelewa. Usijali, hii inatengenezeka kabisa."

Magdaline aliosha kidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, akapuliza dawa ya vidonda. "Huyu akae peke yake mpaka apone. Wenzake wakiona damu watamdonoa. Askofu naye mtoe, akae kando wiki mbili. Ule mwiba wa mguuni mwake, sugua ncha kwa msasa. Ncha tu! Ndani kuna damu. Na hao wengine, washonee vikoti."

"Vikoti? Kuku?"

"Vya kufunika mgongo, mpaka manyoya yarudi. Kitambaa kigumu, kamba mbili chini ya mabawa, usikaze sana. Kila siku uangalie kama zinamkwaruza."

Rebeccah alirudi nyumbani karibu akikimbia. Suruali kuukuu ya jinzi ya Kipkurui ikawa vikoti kabla ya chai ya saa kumi. Majirani walikuja kuchungulia.

"Woi! Kuku wa Rebeccah wamevaa sare! Shule inafunguliwa lini?"

"Jumatatu," alijibu Rebeccah, "na karo mtalipa nyinyi!"

Kipkurui alicheka pamoja nao. Kisha akachukua nyundo, miti na waya. Kufikia Jumamosi kulikuwa na uwanja mpana wenye kivuli, vyombo viwili vya chakula, na chumba cha Askofu peke yake. Lakini kuku walikuwa bado wanne.

"Robert ana kuku sita wanaotaga," Rebeccah alisema taratibu. "Jogoo wake aliliwa na nguchiro."

Kipkurui aliweka nyundo chini. Alikuna kichwa. Mwishowe akavaa viatu vyake vya gambuti, akaenda kwa Robert.

"Umekuja kuniringia?" Robert aliuliza mlangoni.

"Nimekuja kuomba, ndugu yangu. Jogoo wangu anahitaji kuku wako. Vifaranga wa kwanza watulipie deni la kikundi, wa pili wawe wako."

Robert alicheka mpaka akashika ukuta. "Ungesema hivyo kwa mnada, singepandisha bei! Waje."

Kuku wa Robert walitengwa wiki mbili kwanza, ili kuhakikisha hawana ugonjwa. Kisha mlango wa Askofu ukafunguliwa. Alitoka mbio, akaona kuku kumi, akasimama. Alizunguka huku na huko. Kuku aliyemchoka alimkimbia, na nafasi ya kukimbilia ilikuwapo.

Siku ya nne Rebeccah alipiga kelele mpaka Kipkurui akatupa kikapu. "Mayai! Baba Chelangat, mayai matatu!"

Madoa, akiwa amepona kabisa, alilalia mayai kumi na mawili. Siku ya ishirini na moja vifaranga walianza kulia ndani ya maganda. Wakatoka kumi na mmoja!

Vifaranga walipofika miezi miwili, kikundi kilikutana. Rebeccah aliweka kasha mbele ya Rodah. Rodah alifunua, akahesabu hadi wanane, akapiga vigelegele vilivyosikika hadi barabarani.

"Na mmoja wao akikua awe jogoo kama Askofu?" aliuliza.

"Keti hapa, mama," Rebeccah alisema, akivuta kiti karibu. "Kwanza niambie, banda lako lina upana gani?"