Aliyeipita Bendera

Mzee Iliasi alikuwa amelala kifudifudi katikati ya barabara, mguu mmoja ndani ya ndala na mwingine wazi, na watu waliomzunguka walikwisha kuanza kumrehemu. Mama mmoja alikuwa akifungua kitenge chake cha pili ili amfunike.

Inspekta Hidaya alishuka kwenye pikipiki iliyomleta kutoka Wamaza, akapenya katikati yao na kupiga magoti kwenye matope. Aliweka vidole viwili shingoni mwa mzee. Akangoja.

"Muache kumuzika mutu muzima," akasema. "Iko anapumua. Leteni kitanda!"

Umati wote ulishusha pumzi. Kitanda cha kamba kilitolewa nyumba ya jirani, vijana wakakibeba na mzee juu yake kuelekea kituo cha afya. Kabla hawajaondoka, Hidaya alitupia jicho mambo mawili. Kisogo cha mzee kilikuwa kimepasuka na kutoa damu nyingi. Lakini kofia yake nyeupe ya darizi, aliyoishona mwenyewe maana ni fundi wa cherehani, haikuwa na hata tone. Ilikuwa ndani ya ngumi yake ya kulia, ameikamata kwa nguvu.

Kofia mkononi, si kichwani. Hidaya alilitia jambo hilo moyoni.

Lusangilo ni kituo kidogo kwenye njia ya Kasongo kwenda Kabambare. Kuna ofisi ya sekta, anakokaa chefu anayeiongoza, na mlingoti wake wa bendera, msikiti, kanisa, na vibanda vya chumvi na sabuni. Barabara ni moja tu, na mashimo yake peke yake yanatosha kuwa askari wa usalama barabarani. Hidaya, mpelelezi wa Kasongo, alikuwa amekuja upande huo kwa kesi ya mbuzi walioibwa. Mbuzi sasa wangengoja.

Komanda Moustapha, mkuu wa polisi wa pale, alikuwa amemaliza kesi hii kabla mpelelezi hajashuka kwenye pikipiki. Alikuwa amemkaba shati kijana mmoja mwembamba, Ayoubu, motari kama wanavyoitwa huko waendesha pikipiki za abiria. Shati hilo lilikuwa na damu.

"Madamu Inspekta, dosiye imekwisha," Komanda alisema. "Huyu njo yeye alimugonga mzee. Nilimuona na macho yangu. Kesho asubui anapelekwa Kasongo, mu gereza."

"Hapana, Mama Inspekta!" Ayoubu alilia. "Miye nilikimbia kumunyanyua mzee. Damu ilinipata pale. Haki ya Mungu!"

"Funga kinywa!"

"Komanda," Hidaya alisema kwa upole, "ilitokea wakati gani?"

"Kisha bendera kushushwa. Filimbi ya pili ililia tu, huyu akawasha moteri, akaruka kama mwizi."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Kwenye bendera! Kazi yangu njo hiyo."

Ayoubu akasukumwa kasho, chumba cha mahabusu. Chadia, mke wake, aliyejifungua juzijuzi, alifika na kichanga mgongoni na kusimama mlangoni. Alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba maskini akipelekwa gerezani kwa kosa la ajali, siku ya kutoka anaijua Mungu. Hidaya alimtazama, roho ikamuuma.

*

Asiyewahi kupita Lusangilo saa ya bendera huenda asielewe. Asubuhi inapopandishwa na jioni inaposhushwa, filimbi ya kwanza ikilia, dunia inasimama. Motari anazima injini na kushuka. Mwenye kofia anaivua. Mama aliyebeba mzigo anasimama na mzigo wake. Macho yote yanakwenda juu, kwenye mlingoti. Hakuna anayejikuna, hata awe ameumwa na siafu, mpaka filimbi ya pili. Na mlinzi mkali wa sheria hiyo alikuwa Komanda Moustapha mwenyewe. Mwezi uliotangulia alimlaza Ayoubu kasho kwa sababu tairi yake iliviringika kidogo kabla ya filimbi ya pili, na pale palikuwa na mteremko!

Hidaya alirudi barabarani kungali na mwanga. Alama za miguu ya mzee zilikuwa bado kwenye tope: nyayo mbili, sambamba, kisigino kwa kisigino. Mtu anayevuka barabara huacha mguu mbele na mguu nyuma. Huyu alikuwa amesimama wima.

Hatua chache kutoka hapo aliokota vipande vya plastiki ya rangi ya machungwa. Aliviunganisha kiganjani. Ilikuwa taa ya kuonyeshea kona.

Alikwenda kuiona pikipiki ya Ayoubu, iliyofungiwa nyuma ya kituo cha polisi. Aliizunguka mara mbili, akacheka peke yake. Pikipiki haikuwa na taa ya kona hata moja. Ilikuwa na waya tu, zimefungwa kwa mpira, na vumbi la mwaka mzima juu yake.

"Taa hizi zilikwenda wapi?" alimuuliza Ayoubu kupitia dirisha la kasho.

"Ziliangukia njia ya Salamabila, Mama Inspekta, zamani sana. Hapa kwetu nani iko na taa za kona? Mutu akitaka kukata kona, ananyoosha mukono."

"Hakuna kabisa?"

Ayoubu alitazama mlango kwanza.

"Ziko kwa pikipiki moja," alisema polepole. "Lakini miye sijasema kitu."

*

Brigadia Nourdine, askari wa cheo cha chini anayevuta kamba ya bendera, alikuwa akiikunja bendera ofisini kwa adabu kama anayekunja nguo ya mama yake.

"Uliona ajali?"

"Hapana, Inspekta. Macho yangu yalikuwa juu. Ya watu wote yalikuwa juu."

"Ulisikia?"

"Nilisikia kishindo. Bendera ilikuwa bado iko katikati ya mulingoti. Siwezi kuachilia kamba, bendera ingeanguka chini. Niliishusha mpaka mwisho, nikapiga filimbi ya pili, njo watu wakakimbia."

"Kwa hiyo kishindo kilikuwa mbele ya filimbi ya pili."

"Mbele, ndiyo."

"Na Komanda alikuwa kando yako?"

Nourdine aliilainisha bendera ambayo tayari ilikuwa imelainika. "Nafasi yake ilikuwa wazi," alisema. "Chefu wa sekta aliitazama sana nafasi ile. Alikwisha kumuambia Komanda wiki hii: ukikosa bendera tena, ninaandika Kasongo, walete mwengine."

Hidaya alimshukuru. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Komanda ilikuwa imeanza kuonekana mwisho wake. Lakini sikio si jicho. Alihitaji aliyeona, na watu wote walikuwa wakitazama mbinguni.

Wote? Akafikiri. Kisha akapiga paji lake la uso kwa kiganja. Mwenye beseni kichwani hawezi kuinua uso juu, beseni litaanguka! Mama aliyebeba mzigo huiheshimu bendera kwa shingo iliyonyooka, na macho yake hubaki barabarani.

"Abiria wako wa jana jioni alikuwa nani?" alimuuliza Ayoubu mara tu kulipokucha.

"Mama Dieudonnée. Alikuwa na beseni ya mihogo."

*

Mama Dieudonnée alikuwa akimenya mihogo hiyohiyo mbele ya jiko lake. Alipomwona inspekta, kisu kilianza kwenda mbio.

"Mimi sikuona kitu."

"Karibu kwanza, Mama. Sijakuuliza."

"Karibu. Lakini sikuona."

Hidaya aliketi kwenye kigoda, akachukua muhogo naye akaanza kumenya.

"Filimbi ya kwanza ililia, ukashuka?"

"Nilishuka. Ayoubu naye akashuka, akazima moteri. Alikuwa kando yangu, anatetemeka kwa kuogopa tairi yake isiviringike."

"Pikipiki zingine?"

"Zote kimya. Isipokuwa..." Kisu kikasimama.

"Mama, sikuulizi jina. Nieleze tu jambo moja. Katika Lusangilo hii, nani anaweza kupita bendera bila kusimama, na hakuna mutu wa kumushika?"

Mama Dieudonnée aliweka kisu chini. Halafu machozi yakamtoka, na maneno nayo.

"Yule anayetushika sisi wote! Alikuja mbio, mzee Iliasi alikuwa amesimama, kofia iko mu mukono, anatazama bendera yake. Hakusikia mpaka alipogongwa. Na yule alipita, akapotelea nyuma ya kanisa. Kisha nikamuona anakuja kwa miguu, anamushika Ayoubu! Miye nina watoto, Mama Inspekta. Nitasema nini mbele ya sare?"

"Umekwisha kusema," Hidaya alimjibu, akamshika mkono. "Na sare nyingine njo imekusikia."

*

Pikipiki ya serikali ilikuwa nyuma ya nyumba ya Komanda, imefunikwa turubai kama mgonjwa wa homa. Hidaya alifunua. Taa ya kona ya kulia ilikuwa imevunjika. Alivitoa vipande mfukoni na kuvipachika. Viliingia sawasawa.

Komanda Moustapha alitoka akifunga vifungo vya shati.

"Madamu, nani alikupa ruhusa?"

"Sheria. Jana wakati wa bendera ulikuwa wapi?"

"Nilikuambia. Kwenye bendera."

"Nafasi yako ilikuwa wazi."

"Nilikuwa... njiani."

"Njiani, wakati watu wote wamesimama?"

"Polisi iko kazini kila saa! Sisi hatusimami kama motari. Nani atatusimamisha?"

"Taa hii ilivunjika wapi?"

"Shimo."

"Shimo lenye kofia mkononi?"

Komanda aliinua kidole kumkemea. Wakati huo Rosine, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja akikimbia, kanga imemvuka begani, uso wote ni kicheko na machozi.

"Inspekta! Mzee ameamka!"

Hidaya alimgeukia upesi. "Amesema kitu?"

"Neno moja tu. Alifungua macho, akaniuliza: 'Mwanangu, filimbi ya pili imekwisha kulia?' Alikataa kulala vizuri mpaka nilipomuambia ndiyo. Kisha akaomba kofia yake."

Komanda Moustapha alikaa chini, kwenye vumbi, na sare yake safi. Alifunika uso kwa mikono.

"Alikuwa bado anaingoja," alisema. "Usiku wote alikuwa anaingoja."

"Sema, Komanda."

"Nilikuwa ninacheza dama kwa rafiki. Nikasahau saa. Filimbi ya kwanza ikalia, nikakumbuka maneno ya Chefu. Nikasema nikifika mbele ya filimbi ya pili, atanikuta mu nafasi yangu. Nilikuwa ninakimbilia bendera, Madamu. Kuiheshimu."

"Ukamugonga aliyekuwa anaiheshimu."

"Nilizoea. Miye nikipita, watu wanatoka njiani. Sikukumbuka kama mutu aliyesimama kwa bendera hatoki."

"Na Ayoubu?"

"Nilirudi kutazama. Nikaona damu kwa shati yake. Nikajua nikisema motari, hakuna mutu atauliza swali la pili. Na niliona haya. Komanda wa bendera kushikwa kwa bendera! Nilitaka kofia yangu ibaki kwa kichwa."

"Sheria ni msumeno," Hidaya alisema. "Hukata mbele na nyuma. Weye ulitaka ikate upande mumoja."

Alichukua maelezo yake na kumsomea, naye Komanda akayatia sahihi. Kisha Hidaya alimpigia simu mwendesha mashtaka wa kijeshi huko Kasongo, ambaye ndiye mwenye mamlaka juu ya polisi. Jibu lilikuwa fupi: mtuhumiwa aletwe leo.

Kasho ikafunguliwa. Ayoubu alitoka akipepesa macho, na Chadia, aliyekesha kwenye baraza, alimwekea kichanga mikononi kabla hajanyoosha mgongo. Kijana akacheka kwa sauti, akalia, akacheka tena. Mama Dieudonnée alipiga vigelegele mpaka mbwa wakaitikia.

Shida ilibaki moja. Pikipiki ya serikali ilikuwa sasa kielelezo cha kesi, haiwezi kuguswa. Mtuhumiwa angefikaje Kasongo?

"Nitamubeba miye," Ayoubu alisema.

Watu wakamgeukia.

"Nitamubeba vizuri. Mama Inspekta atufuate na pikipiki ingine. Na nikifika Kasongo, ninanunua taa za kona."

Komanda alipanda nyuma ya kijana aliyefungwa kwa uongo wake, mikono yake haijui ishike wapi. Ayoubu aliwasha injini. Hawakuwa wamefika ofisi ya sekta, filimbi ya Nourdine ya kupandisha bendera ya asubuhi ikalia.

Ayoubu alizima na kushuka, akaweka jiwe mbele ya tairi. Wauza chumvi walisimama. Mama Dieudonnée, beseni kichwani, alinyoosha shingo. Kwenye dirisha la kituo cha afya, mzee mwenye bandeji alionekana akivua kofia yake nyeupe polepole.

Na Komanda Moustapha akashuka. Alisimama kwenye matope kama wengine, katikati ya barabara, visigino pamoja, akatazama juu.

Filimbi ya pili ikalia. Watu wakaondoka, kelele zikarudi, lakini yeye hakusogea. Ilibidi Ayoubu amguse begani.

"Panda, Papa," alisema. "Sasa njo njia iko wazi."