Miwani Iliyong'arishwa kwa Mapenzi

Walikutana kwenye dirisha la dawa la hospitali, saa nne asubuhi, watu wamebanana kama njiti za kiberiti. Mwanamume alikuwa fundi wa vitanda na milango, ovaroli ya buluu, mafuta kifuani. Mwanamke alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji wa njia ya mkojo, viatu vyeupe, kofia ya kitambaa cha maua. Fundi alimkanyaga, akaomba radhi, akamkanyaga tena.

"Kaka, mguu wangu umekukosea nini?"

"Haujakosa, dada. Ni mimi nisiyejua niuweke wapi wangu."

Yakaanza hapo. Miezi minne ya simu za kuulizana umekula, hata saa tatu asubuhi. Ila fundi hakuwa mtu wa maua. Alipenda kwa mikono. Jumatatu moja aliomba ufunguo wa stoo ya chumba cha upasuaji arekebishe bawaba, na muuguzi akampa. Humo akaona miwani ya kinga imejaa vumbi. Akaisugua yote kwa spiriti, akaipanga rafu moja, ikapendeza kama dukani.

Masikini, chumba kile kilikuwa na mashine mbili za leza, ya mawe ya figo na ya tezi dume, na miwani ya hii haizuii mwanga wa ile. Kilichoitofautisha ni namba zilizoandikwa kwa kalamu, na spiriti ilikuwa imezila zote.

Jumanne aliyelala mezani alikuwa baba yake fundi. Tezi dume ilikuwa imemchosha mwaka mzima, na tangu jana hajatia kitu tumboni. Muuguzi aligeuzageuza miwani, hakuona namba. Daktari alisema mwanga utapita mle ndani ya mrija wa mkojo, nani atauona? Muuguzi akamjibu kwamba waya unaobeba mwanga ukikatika nje hautauliza jicho la nani. Akachomoa ufunguo wa mashine. Mzee akarudishwa wodini na njaa yake.

Jioni fundi aliambiwa mambo mawili: mpenzi wake amezuia upasuaji wa baba, na ameandika ripoti yenye jina lake. Akajiuliza: Anayekuita asali mchana, akakushtaki jioni, anakupenda au anakufanyia mazoezi? Simu ya muuguzi iliita siku tatu. Fundi aliitazama tu. Usiku wa pili akapiga yeye, akakata kabla haijaita.

Ijumaa mkuu wake alimpa ripoti atie saini. Mstari wa kwanza haukuwa na jina lake. Muuguzi alikuwa ameandika kwamba yeye ndiye mwenye dhamana ya miwani, yeye ndiye aliyeridhika na namba za kalamu, yeye ndiye aliyetoa ufunguo. Fundi alikuja wa pili, "aliyekusudia kusafisha."

Alipanda ngazi mbili mbili hadi wodini. Mzee alikuwa amefanyiwa upasuaji asubuhi ileile, kwa miwani mipya, na muuguzi alikuwa kando ya kitanda akipima mkojo.

"Mbona hukuniambia umeanza kujishtaki mwenyewe?"

"Ungepokea simu, ungesikia."

"Na kesho nikikosea tena?"

"Nitakuandika tena. Nakupenda, lakini macho ya mgonjwa si ya kukugawia wewe."

Fundi alivua kofia, akaivaa. "Sasa hata sijui. Nikuogope au nikuoe?"

Mzee alifumbua jicho moja. "Oa kwanza, mwanangu. Kuogopa kutakuja kwenyewe."

Muuguzi hakuinua uso kwenye karatasi. "Jumapili mama yangu yupo nyumbani," alisema, akaandika kiasi cha mkojo, akakosea, akakikata, akaandika upya.