Kosa la Mageni

Kila siku nikitoka shuleni nilifua sare, nikafagia baraza, kisha nikachambua mchele wa kuuza. Mama anauza mchele hapa Kahama, na mteja akikutana na jiwe kwenye jino, lawama yote ni yangu. Nikimaliza ndipo nilipopewa simu kwa saa moja, bila nyongeza, na saa hiyo yote iliishia kwenye mchezo wa Duarani.

Mchezo huo unachezwa mtandaoni na watu wengi kwa pamoja. Mnaunda timu, mnachimba duara, yaani shimo la dhahabu kama yale ya Geita, mnazuia kuta zake kwa nguzo za miti zinazoitwa matimba, na mnapandisha mawe kabla duara halijaporomoka; anayepandisha mengi ndiye mshindi. Aliyeutengeneza ni Dada Aarti, binti wa Mzee Umesh mwenye duka la vifaa vya ujenzi linalotazamana na nyumba yetu. Yeye na wenzake wawili wanafanya kazi katika chumba kilicho juu ya duka hilo.

Dada Aarti ana jambo moja zuri: anasoma malalamiko. Ndani ya mchezo kuna kitufe cha Lalamika. Jumatatu anasoma yote yaliyotumwa, na Ijumaa linatoka toleo jipya lenye orodha ya mambo yaliyobadilishwa. Watu walilalamika kwamba mvua ni nyingi mno, akaipunguza. Mimi nililalamika kwamba duara linaporomoka ghafla, wakati mjomba wangu aliyechimba Geita anasema matimba hulia kwanza kabla hayajavunjika. Ijumaa ile nikafungua simu nikayasikia yanalia, na chini ya orodha pameandikwa: "Limependekezwa na Zakia wa Kahama." Kichwa kilinivimba, siwafichi. Nilitembea shuleni wiki nzima kama mkaguzi wa elimu.

Lalamiko lingine lilihusu watukanaji, maana kulikuwa na watu wanaotukana hadi mama za wenzao. Dada Aarti akaweka kanuni ya kutengwa. Mchezaji akilalamikiwa na watu kumi ndani ya wiki moja, anatengwa siku kumi na nne. Anaweza kuingia, kutembea na kuchimba, lakini hakuna anayesikia anachosema wala anayeweza kushirikiana naye. Alisema wazo hilo alilitoa vijijini huku kwetu, ambako dagashida, baraza la kijiji, humtenga mkosaji hata asigawiwe moto mpaka atubu. Sote tuliifurahia kanuni hiyo, na mimi niliifurahia kuliko wote.

Sasa niwaambie habari za Mageni. Aliletwa kutoka Didia mwanzoni mwa mwaka, akae kwa shangazi yake, Mama Onesmo, fundi cherehani, ili amalizie darasa la saba hapa mjini. Kule alitembea saa mbili kwenda shule, na siku za mvua kubwa hakwenda kabisa. Alikuwa mpole. Kila asubuhi aliingia darasani akasema "mwangaluka", ile salamu ya Kisukuma, na sisi watoto wa mjini tukamcheka. Hakukasirika. Kesho yake alisalimia tena.

Jioni alicheza Duarani kwa simu ya shangazi yake, na alinishinda mara nane mfululizo. Mimi, Zakia, ambaye jina langu liliandikwa kwenye mchezo! Na alinishindaje? Kwa sauti ya matimba niliyoipendekeza mwenyewe. Sisi tulikimbilia mawe huku tukipiga kelele. Yeye alinyamaza, akasikiliza. Matimba yakilia anatoka, anangoja, anaongeza nguzo, ndipo anarudi chini. Nilimwona akifanya hivyo kwa macho yangu. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanitetea.

Roho iliniuma mpaka chakula kikanishinda. Ijumaa moja niliwaita wenzangu tisa barazani kwetu, kila mmoja na simu ya mzazi wake. Niliwaambia Mageni amedukua mchezo, ameingiza kitu kinachomwonyesha duara litaporomoka lini. Noela, rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, aliuliza kama nimekiona hicho kitu. Nikamjibu kwamba asiyetaka aende kwao, ila ajue hatacheza katika timu yangu tena. Noela akakaa. Niliwatamkia la kuandika, kila mmoja akabadilisha maneno mawili matatu. Kwa dakika kumi na mbili tulikuwa tumemaliza, na Mageni akawa ametengwa.

Lingeishia hapo lingekuwa baya la kutosha. Lakini Jumatatu, Mageni alipoingia na mwangaluka yake, niliweka kidole mdomoni. Darasa zima likanyamaza. Ilinoga, na tukaendelea. Akiomba rula, hakuna aliyemsikia. Kwenye kazi ya kikundi tulimgeuzia migongo. Wakati wa chakula cha mchana alikuja na sahani yake kukaa karibu nasi, tukainuka wote kwa mara moja tukahamia upande wa pili, na alipotufuata tukahama tena. Mara ya tatu hakufuata. Alikula amesimama ukutani, na sisi tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Jumanne ya wiki hiyo hiyo, jioni, duara lilinifukia kwenye mchezo. Nilikuwa nikipiga kelele na timu yangu, sikusikia kitu, na mawe ya mwezi mzima yakapotea kwa mara moja. Nilijifariji kwamba angalau Mageni hayupo kuniona.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Mageni alisimama mbele ya ubao. Alikuwa amekonda usoni. Mikono aliiweka nyuma.

"Kwetu mtu akitengwa anasomewa kosa lake mbele ya watu," alisema. "Waliomshtaki wanasimama, kila mmoja anasema alichokiona. Halafu na yeye anajibu. Nisomeeni langu."

Tulikuwa watoto zaidi ya arobaini mle ndani. Wengine walinitazama mimi. Nikafungua daftari la hisabati nikajitia kutafuta ukurasa. Mageni alingoja. Alingoja mapumziko yote, amesimama pale pale, mpaka kengele ikalia, ndipo akarudi kwenye dawati lake. Kesho yake hakuja shule. Jumatatu pia hakuja.

Jumatano Mama Onesmo alikuja kwetu kununua mchele, macho yamemvimba. Alimweleza mama kwamba Mageni hali wala haongei, anasema tu kwamba anataka kurudi Didia, naye amechoka kumbembeleza, atampakia kwenye basi la Jumamosi. Mama alishtuka. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebaki wiki sita, na jina la Mageni lilishasajiliwa shuleni kwetu. Akiondoka, mtihani ungempita na mwaka wake ungepotea. Mama akanigeukia akaniuliza kama najua mwenzangu amepatwa na nini.

Nikasema sijui, nikaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi Dada Aarti alimwomba mama ruhusa, akaniita juu. Nilipanda ngazi nikitabasamu, nikidhani anataka pendekezo lingine. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa amefungua kompyuta. Aliniambia kwamba kabla ya kumrudisha mtu aliyetengwa huwa anapitia kumbukumbu zake za mchezo, na za Mageni hazina udukuzi wowote. Kisha akasema malalamiko kumi juu yake yaliingia kwa dakika kumi na mbili, na kwamba Ijumaa ile yeye alikuwa dirishani, aliona watoto kumi wenye simu kwenye baraza letu.

"Uliona kwa macho yako akidukua?" aliuliza.

Nilisema hapana.

"Basi uliona nini?"

Nikasema niliona anasikiliza matimba.

Hakunifokea. Aligeuza kompyuta upande wangu. Mtu aliyetengwa anaweza kuandika ujumbe, ila hauendi kwa yeyote, unabaki kwenye kumbukumbu tu. Wa Mageni ulikuwa ukurasa mzima. Habari za leo. Kuna mtu? Noela, unanisikia? Nimefanya nini jamani? Halafu nikafika Jumanne, jioni ile nilipofukiwa.

Zakia, matimba yanalia. Toka.

Zakia toka.

Toka toka toka.

Aliandika mara tisa. Mchana wa siku hiyo ndipo tulipomhama na sahani zetu huku tukicheka. Machozi yalinilengalenga, kisha yakamwagika, na Dada Aarti akaniacha nilie bila kunipa hata kitambaa.

"Na mimi nina kosa," alisema baadaye. "Nilichukua adhabu ya dagashida nikaacha kikao chake. Kule hawamtengi mtu kabla hajasikilizwa. Mageni nitamwondolea adhabu sasa hivi, nabonyeza mara moja tu. Lakini huko darasani kwenu mimi sina kitufe. Huko nenda mwenyewe."

Nilimweleza mama kila kitu. Mama akasema kwamba ameona aibu kunizaa, na maneno hayo bado ninayo. Akanishika mkono mpaka kwa Mama Onesmo. Mageni alikuwa akikunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi. Nikapiga magoti nikaomba msamaha. Hakuinua kichwa. Aliendelea kukunja gauni lake la shule, akalilaza juu ya mengine.

"Kosa langu bado hujalisoma," alisema. Nikamwahidi kulisoma kesho yake, mbele ya darasa.

Ijumaa asubuhi nilimwomba mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Euphrasia, anipe nafasi ya kusema mbele ya wote. Mama Onesmo alimleta Mageni, wakasimama mlangoni, maana Mageni alikataa kuingia. Nilitamani dari liniangukie.

"Kosa la Mageni ni kunishinda," nilisema. "Hakudukua kitu. Alisikiliza, mimi nikapiga kelele. Nilimsingizia, na nikawashurutisha wengine wamsingizie. Tuliyomfanyia humu ndani niliyaanzisha mimi."

Hakuna aliyepiga makofi, na sikutaka. Noela alisimama akasema kwamba na yeye hakuona chochote. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, mpaka tukawa kumi. Mwalimu Euphrasia, ambaye naye alikiri kuwa aliuona ukimya ule akadhani ni adabu, alitupa adhabu ya kusafisha vyoo mpaka siku ya mtihani. Kisha akamuuliza Mageni kama ana jibu.

Mageni akasema, "Nimesikia." Akaingia, akaketi kwenye dawati lake, akatoa kalamu.

Jumamosi basi liliondoka bila yeye. Ijumaa iliyofuata likatoka toleo jipya la Duarani. Kuanzia hapo, anayelalamikiwa husomewa lalamiko na kupewa nafasi ya kujibu kabla ya adhabu yoyote, na anayelalamika huulizwa kwanza: umeona kwa macho yako? Nilikuwa nimemsimulia Dada Aarti aliyoyadai Mageni mbele ya ubao, na chini ya orodha pameandikwa: "Limependekezwa na Mageni wa Didia." Wachezaji wengi waliisifu kanuni hiyo. Lakini Mageni mwenyewe hakucheza tena. Nilimtafuta kwenye mchezo kila jioni, nikamkuta mtu wake wa mchezoni amesimama pale pale nje ya duara langu alipoachwa.

Mtihani tuliufanya, yeye akiwa safu ya mbele. Wiki sita zile aliongea na Noela, aliongea na kila mtu, mimi aliniitikia salamu tu. Siku ya mwisho nilimkimbilia getini. Nilimwambia najua nilimkosea, nikamwomba turudi kucheza wote, timu moja, yeye awe kiongozi.

"Nimekusamehe, Zakia," alisema. "Ila kucheza na wewe sitaki."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia saa, akaenda zake kwa shangazi yake.

Nilipanda kwa Dada Aarti nikilia, nikitegemea kubembelezwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mchezo huu naujenga kwa maneno ya watu," alisema. "Lalamiko lako la kwanza lilikuwa la kweli, likaufanya mchezo uwe mzuri zaidi. La pili lilikuwa uongo, nami sikulichunguza, kwa sababu lilikuwa na jina lako, na jina hilo nililiamini tangu lile la kwanza. Ukisema uongo juu ya mtu, unauharibu na ukweli wako wote wa zamani. Mageni amekupa msamaha, shukuru. Kukuamini ni jambo lingine, hilo hawezi kulazimishwa. Sema kweli kila siku, hata ikikuuma, na ungoje. Huenda akarudi, huenda asirudi."

Nilimwuliza ningoje mpaka lini. Akasema hajui.

Nikashuka ngazi. Mama alikuwa ameshamwaga mchele kwenye ungo, nikakaa nikaanza kuchambua.