Pumzi Chini ya Wimbo

Ndani ya kanda ile kulikuwa na mtu aliyevuta pumzi mahali ambapo Golicha hakuvuta.

Warfa aliisikia mchana kweupe, mlango wa duka lake la kaseti pale mtaa wa Wabera, mjini, ukiwa wazi. Mwaka huo wa 1983 alikuwa amesafiri hadi kijiji cha Biliqo kumrekodi Golicha, mwimbaji aliyesifika kwa kuimba ndani ya kisima ng'ombe wakinyweshwa. Lakini sauti ya Golicha ilikuwa taabu kwa fundi. Akinong'ona, humsikii, akipaza, spika zinakoroma. Ndipo Warfa akaleta kutoka Nairobi mashine ya kubana sauti.

"Inafanya nini hasa?" mkewe Istar alimuuliza.

"Sauti kubwa inaishusha. Halafu mimi naongeza kanda yote, ile ndogo inapanda. Zinakuwa karibu sawa."

"Na kama hiyo ndogo ilikuwa imejificha?"

Warfa akacheka. Alipobaki peke yake alizungusha kitufe, akabana zaidi. Pumzi ikasogea. Akabana tena, na harufu ya tope na damu mbichi ikajaa dukani. Sasa haikuwa pumzi tupu. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyetaja jina polepole, kama anayelitafuna: Golicha. Golicha.

Angeizima hapo yangeisha. Lakini fundi akisikia kitu hatulii mpaka akijue. Akatuma salamu kwa mkono wa dereva wa lori, Golicha aje mjini.

Golicha alifika baada ya swala ya alasiri, akitabasamu. "Salaam aleikum, Warfa. Naambiwa nimeimba na bibi."

"Waaleikum salaam. Sikiliza mwenyewe, walaal, ndugu yangu."

Golicha akavaa hedifoni. Tabasamu likamtoka.

"Huyu si mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni mwenye kisima. Unafikiri sisi tunaimba kwa nguvu kufurahisha ng'ombe? Tunamfunika, Warfa. Tunamfunika asisikike. Wewe umemfunua. Zima!"

Warfa akazima. Kanda ikaendelea kuzunguka.

Damu ikachuruzika kutoka masikioni mwa Golicha. Alipogeuka, macho yalikuwa yake lakini aliyetazama hakuwa yeye. Akamshika Warfa kisogoni, akambamiza uso kwenye meza hadi meno yakamwagika, kisha akamzungushia shingoni waya wa maikrofoni na kuvuta.

Istar alitoka chumba cha nyuma, akaona, akapiga mayowe. Hayakutoka. Alihisi koo likichanika, lakini kilichosikika ni kitu chembamba kama mbu, na kadiri alivyozidi kupaza ndivyo sauti yake ilivyozidi kufifia, wakati sauti zote ndogo zilikuwa zimekuwa kubwa, waya uliokuwa ukikaza ulilia kama mti unaoanguka, kila tone la damu lilipiga sakafu kama nyundo, mabawa ya nzi yalinguruma, na nje, hatua chache tu kutoka mlangoni, wauza maziwa ya ngamia walipita wakisalimiana bila hata kugeuza shingo. Alimrukia Golicha, akamng'ata mkono mpaka mfupa, yule hakutikisika.

Warfa, macho yakimtoka, alielewa: duka zima lilikuwa limebanwa kama ile kanda. Hakuwa na pumzi ya kupiga kelele, na hilo ndilo lililomwokoa. Akasogeza midomo tu, na uzi wa sauti uliobaki ukatikisa mabati ya paa:

"Nong'ona, Istar!"

Istar akapiga magoti. Akainong'ona Ayatul Kursi, aya ya Kurani ya kujikinga, taratibu kama anayemsomea mtoto kitandani, na kila neno likashuka dukani kama jabali. Yule mwanamke alipiga ukelele kwa kinywa cha Golicha, na kwa kuwa ulikuwa ukelele ukasinyaa, ukawa mwembamba, ukarudi kooni. Golicha akauachia waya. Akajishika shingo yake mwenyewe kwa kucha za mikono miwili, akachimba, akachimba, kama anayetaka kumtoa aliyekwama humo, mpaka damu ikaruka ukutani. Istar alimshika mikono huku akiendelea kunong'ona. Alichelewa.

Kanda ikasimama. Ndipo majirani wakasikia vilio, wakaja mbio.

Walimzika Golicha asubuhi, nje ya mji. Warfa alisimama kaburini shingo ikiwa imevimba, ameshikwa mkono na Elema, mdogo wa marehemu. Udongo ulipokwisha kurudishwa, sheikh akainua mikono na kupaza dua.

Midomo yake ilikwenda. Mishipa ya shingo ilimsimama. Hawakusikia neno. Elema naye akafungua kinywa kumlilia kaka yake, na kilio kikafia pale pale, hadi wanaume wale wote wakawa wanatazamana midomo wazi, bubu, kwenye jua.

Kisha, kutoka chini ya udongo mbichi, kubwa, karibu, kila mmoja akaisikia: pumzi moja ndefu ikivutwa ndani, kama ya mtu anayejiandaa kuimba.