Sura ya Shekina

Treni ya Bukama ilikuwa imeingia, na mbele ya gare, stesheni ya Kamina, watu walijaa mpaka kwenye mlango wa nyumba ya photocopie. Hapo ndipo Kyungu, mtoto wa fundi wa reli, alipomkanyaga mguu Shekina, msichana wa kitenge cha manjano na nywele zilizosukwa upya.

"Pardon, mama."

"Mama ya nani? Unaona mutoto hapa?"

Wakacheka. Kumbe walisoma chuo kimoja, na kila mmoja alikuwa akiandika TFC, ile kazi ya kumalizia masomo. Yakaanza mapenzi, na simu za "Umekula, chérie?" zisizoisha. Shekina akamtumia sura moja ya TFC yake, juu ya wanawake wanaouza samaki sokoni, apate maoni tu.

Kisha profesa akawaita. Mezani kazi mbili, sura ile ile.

"Nani amemwibia mwenzake?"

Shekina aligeuka akamtazama Kyungu. Kyungu alitokwa jasho ndani ya shati lake jeupe.

"Iko yake, Profesa," akakiri mwishowe. "Minyi njo nilikamata."

Profesa akamwambia arudie kazi yote mwaka ujao.

Nje, Shekina alimzuia njia amwambie sababu. "Juu ya nini, Kyungu?"

"Nilizania ya weye iko ya minyi. Hatupendane? Na weye pia ulikopia mu kitabu!"

"Nilikamata mistari tatu, nikatia guillemets, alama ya maneno ya mutu mwengine, nikaandika jina ya mwenyewe. Weye ulikamata sura muzima, ukatia jina yako! Minyi njo nilishinda ku jua na bale bamama."

"Sasa mistari tatu iko muzuri, sura iko mubaya? Mupaka iko wapi?"

"Hata mustari moja, ungetaja jina yangu."

Akaondoka. Kwa majuma mengi Shekina hakupokea simu za Kyungu. Alichanganyikiwa: mtu huyu alimwibia, na mtu huyu huyu alisema ukweli akapoteza mwaka. Amchukie yupi?

Jumapili moja, akitoka misa, akapokea.

"Shekina... nataka baba yangu aende kwenu. Sijui kusema. Nilitafuta maneno mu internet, muzuri sana. Nikaacha. Iko ya bengine."

Shekina akasimama kando ya mlango wa kanisa.

"Basi sema ya kwako."

"Nakupenda. Niko na haya. Njo hiyo tu."

Shekina alicheka huku machozi yakimtoka, asijue analia nini.

"Iko fupi," akasema. "Baba yako akuje."