Kasoro za Nyumba ya Otilia

Upepo ulikuwa umekiangusha tena kile kibao. Ilikuwa mara ya nne tangu Julai ianze, na Julai yenyewe ilikuwa na siku kumi na moja tu. Otilia Mansilla alikiokota matopeni, akakipangusa kwa mkono wa sweta, akayatazama maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: NYUMBA INAUZWA. Rangi ilikuwa imeanza kuchuruzika. Mvua ya kisiwa cha Chiloé haina papara. Inaweza kunyesha juma zima bila kubadili sauti.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na giza lilikwisha kuanza kuingia. Otilia alikuwa na misumari mdomoni gari dogo lilipopanda kilima likiteleza huku na huku. Walikuwa mume na mke kutoka mjini Castro. Alikuwa amewangoja tangu saa nane.

"Tusamehe, mama," alisema yule mume akikunja mwavuli uliopinduliwa na upepo. "Barabara yenu hii ni uji mtupu."

"Ni uji tangu Aprili," alijibu Otilia. "Piteni ndani, mlango uko wazi. Nikishapigilia hiki nakuja."

Hakutaka kuingia nao. Ndoo tatu za kukingia maji alikuwa amezificha chini ya kitanda. Doa la darini alikuwa amelipaka chokaa asubuhi ile. Lakini kikohozi chake hakikufichika, na kila alipoingia na mnunuzi kilimshika hapo hapo, kikawaeleza watu habari zote za unyevu. Daktari alikuwa amemwambia kwa upole kwamba mapafu yake hayangeweza majira mengine ya baridi kisiwani. Binti yake Yasna, anayeishi La Serena ambako kuna jua na vumbi, alikuwa amemjengea kuta za chumba. Paa lilingoja fedha za nyumba hii.

Dakika tano hazikuisha. Wale wawili wakatoka, tena haraka.

"Ni nyumba nzuri," alisema yule mke bila kumtazama. "Ila bibi ametueleza kweli, na tunamshukuru. Nguzo ya chini ya chumba cha kulala ikiwa imeoza, sisi hatuna uwezo wa kuitengeneza."

"Bibi gani?"

"Yule aliyeko jikoni. Mama yako, nadhani. Mkarimu sana. Alitukaribisha viti."

Gari likateremka kilima, taa zake zikapotelea kwenye mvua.

Otilia alibaki amesimama na nyundo mkononi.

Aliishi peke yake. Mama yake alikuwa makaburini miaka kumi na tisa.

Aliingia polepole. Jikoni hapakuwa na mtu. Kuni mbichi zilifuka moshi ndani ya jiko la chuma kama kila siku. Lakini kiti cha kuwekea kuni, kile ambacho hakikaliwi na mtu, kilikuwa kimesogezwa karibu na moto. Harufu ya sufu iliyolowa ilijaa chumbani… sufu, na mwani.

Aligusa kiti.

Kilikuwa na joto.

Alichukua tochi, akapiga magoti matopeni, akatambaa chini ya nyumba. Nguzo ile aliiweka mpya Februari, mti mgumu, ulioletwa na fundi kwa mashua. Aliigusa kwa kidole. Kidole kikazama kama kwenye mkate.

Asubuhi alikwenda kwa jirani yake, mzee Clodomiro, ambaye alimkuta akimenya viazi huku redio ikikoroma.

"Wamekukimbia tena?" aliuliza mzee. "Hao wa ngapi sasa? Naona utawauzia kunguru."

"Wa sita. Mzee, nani anakaa jikoni kwangu?"

Clodomiro aliacha kumenya. Akaizima redio.

"Anaongea na wageni tu," alisema. "Mwenye nyumba hamwoni. Baba yako hakumwona mpaka anakufa."

"Nani?"

"Zunilda. Nyumba ile ya mbao haikujengwa pale, unajua. Baba yako aliinunua ufukweni Detif, akaita watu, tukaifunga kamba, maksai arobaini wakaivuta siku mbili mpaka juu ya kilima. Mimi nilikuwa na jozi yangu mbele. Zunilda alikuwa ameiuza nyumba, lakini siku ya kuhama hakutaka kushuka. Alikaa jikoni na moto wake. Baba yako akasema, mwacheni, atashuka tukifika."

"Akashuka?"

Mzee alichukua kiazi kingine, akakitazama tu.

"Tulikunywa, tukala, tukacheza. Watu mia moja walikuwepo pale. Hakuna aliyemwona akishuka."

Otilia alirudi nyumbani. Mchana kutwa alimwaga ndoo na kukausha kuni. Wanunuzi wengine walipiga simu kusema hawaji, mto umefurika. Usingizi ulimlemea, lakini kichwani alikuwa na neno moja tu. Anaongea na wageni tu.

Jua lisiloonekana lilipozama, alivaa joho la sufu aliloazima kwa Clodomiro, akavuta kofia mpaka machoni, akatoka nje. Akaufunga mlango wake mwenyewe. Akasimama mvuani akihesabu mpaka mia moja.

Kisha akabisha hodi.

Akabisha tena. "Nimekuja kuiona nyumba," alisema, na sauti yake ikamtoka nyembamba.

Ndani, kiti kililia…

"Pita, mwanangu. Umelowa."

Otilia akausukuma mlango. Bibi alikuwa ameketi karibu na jiko. Alikuwa mdogo, mkavu, na shali nyeusi iliyodondosha maji sakafuni. Miguu yake haikuwa na viatu, na mchanga wa pwani ulikuwa umeshikamana vidoleni.

"Nikueleze kasoro zake," alinong'ona. "Mimi sidanganyi watu. Paa linavuja kwenye kona tatu. Bomba la moshi lina ufa. Nguzo ya chumbani imeoza."

"Nguzo ile ilikuwa mpya," alisema Otilia. "Februari."

"Najua. Ilikuwa nzuri sana."

"Ilikuwa nzuri mpaka lini?"

Bibi alichukua kijiti, akachokoa majivu.

Otilia aliivua kofia. Alikuwa amechoka mno hata hakuweza kuogopa vizuri. "Mimi ni Otilia," alisema. "Kwa nini unanifanyia hivi? Nikibaki hapa nitakufa."

"Nikinyamaza utauza. Watakuja wengine, na watoto na kelele zao. Mimi sina nguvu hizo tena." Bibi alizungusha shali mabegani. "Kule kwa binti yako… kunanyesha?"

"Mara mbili, tatu kwa mwaka."

Bibi alifumba macho, kama mtu mwenye njaa aliyetajiwa chakula.

"Mimi pia nimechoka na mvua hii," alisema. "Nichukue."

Otilia alijua anapaswa kukataa. Alimfikiria Yasna na kile chumba kisicho na paa. Maji yakadondoka ndooni chumbani. Tone. Tone lingine. Kikohozi kikaja, kikamkunja, kikamwacha ameshika ukuta.

"Sawa," alisema.

Alipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu.

Siku nane baadaye nyumba ikauzwa. Mwalimu mmoja wa Ancud aliingia, akazunguka, akatoka akisema hajaona nyumba kavu kama hii kisiwa kizima. Otilia alisafiri siku mbili kwa basi na begi moja. Kiti cha pembeni yake hakikukaliwa na mtu njia nzima, ingawa abiria walisimama.

La Serena jua liliwaka kila asubuhi. Paa likapigiliwa. Baada ya majuma matatu kikohozi kilimwachia, na Otilia akaanza kujiambia kwamba ile ilikuwa homa tu, homa na moshi wa kuni mbichi.

Jioni moja alirudi kutoka sokoni na mfuko wa papai, akamkuta Yasna anaosha vikombe viwili, anacheka peke yake.

"Mama, hukuniambia umepata rafiki hapa mtaani. Bibi mmoja kaja kukuulizia. Kaingia moja kwa moja mpaka jikoni, kakaa kama kwake. Miguu mitupu, maskini."

Otilia aliuweka mfuko mezani. "Alisema nini?"

"Mambo ya wazee. Kaisifu nyumba, eti haina kasoro hata moja." Yasna alifuta mkono kwa aproni, akagusa kwa vidole viwili chini ya titi la kushoto. "Ila mimi, eti, nina ufa. Mdogo tu. Hapa."

"Unaumwa hapo?"

"Siumwi, mama. Usiniangalie hivyo." Yasna alitabasamu. Vidole vyake vikabaki pale pale, kama vya mtu anayesikiliza jambo.

"Labda kidogo," alisema. "Tangu mchana."